Kamera ya ndani ikionyesha weupe mtupu usiku

Wengi hapa Dodoma tunaweka kamera ndogo ya Wi-Fi sebuleni au ofisini, tunaielekeza getini kupitia dirishani. Mchana safi, usiku picha nyeupe tupu. Usikimbilie kununua nyingine: ingia kwenye programu yake ya simu, sehemu ya kuona usiku, zima taa za infraredi, kisha acha taa ya nje iwake. Mwanga wa vitaa vile macho yetu hayauoni, ila kioo kinaurudisha kwenye lenzi, kama mtu anayejimulika tochi kwenye kioo cha kujitazamia. Vumbi letu la kiangazi ndilo linalozidisha, kwa hiyo futa kioo pande zote mbili, sogeza lenzi igusane nacho, na zima taa ya chumbani. Dirisha la alumini lenye wavu wa mbu? Sukuma wavu pembeni, maana nao hung'aa (halafu funga kioo, mbu hawana habari na ulinzi wako).

Njia hii haisaidii pale nje kukiwa giza: umeme ukikatika au Luku ikiisha usiku, kamera haioni kitu hata kama ina betri. Na zile za betri zinazotambua mtu kwa joto la mwili hazitakutumia taarifa kabisa, taa iwake isiwake, kwa sababu kioo cha kawaida hakipitishi joto hilo. Hiyo igeuze iangalie mlango kwa ndani.