Shule ndogo ya binafsi: kabla hujalipa ada, omba daftari

Kuanzia mwezi wa nane hivi, mabango ya "nafasi za awali na darasa la kwanza" hujaa kwenye kila nguzo, Tabata hadi Kinyerezi, na simu yangu haipoi. Majirani wanajua nimefundisha madarasa ya chini katika shule ndogo za mchepuo wa Kiingereza hapa Dar es Salaam, kwa hiyo swali ni lilelile: "Mwalimu, nimpeleke wapi mwanangu?" Sitaji shule. Namwambia mzazi aende akaombe kuona daftari.

Omba daftari la Hisabati la darasa la pili. Ukiletewa lile lililofunikwa kwa nailoni mpya kabatini ofisini, shukuru, kisha omba la mtoto yeyote aliyeko darasani. Anza na kurasa za Februari uje hadi wiki hii. Je, kazi zinatolewa kila siku, au kuna majuma mazima yameruka? Kisha fuata kalamu nyekundu. Utakuta ukurasa una vema juu hadi chini, na "Good" imeandikwa kwa mbwembwe, ilhali 14 − 6 mtoto kajibu 12. Mtoto huyo si mzembe. Ameona 4 haitoshi kutoa 6, akageuza, akatoa 4 kwenye 6, ile moja akaishusha kama ilivyo. Hajaelewa kukopa. Mwalimu aliyesoma kazi hiyo angeona papo hapo, angemwita, na ukurasa unaofuata ungekuwa na masahihisho yaliyosahihishwa tena. Hayo masahihisho ndiyo unayoyatafuta. Shule yenye watoto 20 darasani inajisifu kwamba kila mtoto anafahamika. Daftari ndilo litakalokuthibitishia.

Swali la pili muulize mwalimu mkuu: mwalimu wa darasa la kwanza yupo hapa tangu lini, na aliyefundisha mwaka jana yuko wapi? Shule ndogo ina mkondo mmoja, yaani chumba kimoja tu kwa kila darasa. Mwalimu akiondoka, hakuna wa darasa la jirani wa kuwapokea watoto. Nimewahi kuacha kazi katikati ya muhula kwa sababu mshahara haukutoka miezi kadhaa. Darasa langu lilikuwa ndiyo linaanza kuunganisha silabi, na baadaye nilisikia watoto wanalindwa na dada wa gari huku wakichora. Hadi leo inaniuma. Ukiambiwa walimu watatu wamepita darasa hilo kwa mwaka mmoja, tafuta shule nyingine hata kama ina bembea nzuri kiasi gani.

Usajili usiuonee haya kuuliza. Cheti huwa kinatundikwa ofisini, na namba ya shule ya msingi huanza na EM. Zipo shule zina kibali cha awali tu, darasa la kwanza "linashughulikiwa". Uliza wa darasa la nne wanafanyia wapi upimaji wa kitaifa. Wakipelekwa shule nyingine, umepata jibu. Ukitaka uhakika zaidi, pita kwa Afisa Elimu Kata. Anazijua shule zote za kata yake, na kumuuliza hakuna gharama.

Matokeo sasa. Tangu 2023 Baraza la Mitihani halitangazi tena shule kumi bora, lakini matokeo ya kila shule yapo kwenye tovuti yake, na wazazi wengi huangalia wastani tu. Wewe hesabu vichwa. Fungua upimaji wa darasa la nne wa 2021, kisha mtihani wa darasa la saba wa 2024. Ni watoto walewale. Walikuwa 30 wakabaki 13? Uliza wale wengine wamekwenda wapi. Wapo waliohama na wazazi wao, kweli, ila zipo shule zinazowakaririsha au kuwaondoa watoto wazito wa kuelewa ili wastani upendeze. Mwanao akiwa mzito kidogo darasa la tano, atakuwa miongoni mwao.

Kuhusu lugha, nina msimamo. Kiingereza kifundishwe vizuri, lakini mtoto wa miaka 6 anayevishwa kibao shingoni kwa kusema Kiswahili hajifunzi Kiingereza, anajifunza kunyamaza. Nimeona mtoto akijikojolea kwa kukosa maneno ya kuomba ruhusa. Simama karibu na uwanja saa ya mapumziko usikilize. Watoto wakiwa kimya kwa sababu mwalimu kapita, utajua. Na viboko uliza waziwazi: kanuni zinamruhusu mwalimu mkuu, au aliyempa idhini kwa maandishi, na visizidi vinne. Mwalimu wa awali mwenye fimbo mkononi muda wote yuko nje ya kanuni hizo.

Vyoo ingia mwenyewe. Mwongozo ni tundu moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25. Hakikisha pia kuna maji na mlango unafungika kwa ndani.

Gari la shule usiulize bei tu, uliza tripu. Magari mengi hupiga mbili, na wa tripu ya kwanza huchukuliwa saa 11 alfajiri, wakafika shule wakasinzia. Shule ya kawaida ya kutembea kwa mguu naichagua mbele ya shule ya sifa iliyo mbali. Bweni kwa mdogo usilifikirie. Tangu 2023 Serikali imezuia bweni kuanzia awali hadi darasa la nne, hivyo atakayekupa nafasi hiyo anavunja agizo, labda awe na kibali maalumu.

Mwisho, ada. Omba karatasi yenye kila kitu: chakula, gari, sare, rimu, masomo ya ziada, mitihani ya majaribio, mahafali. Jumlisha mwaka mzima, ugawe kwa awamu zao, uone kama awamu ya Januari unaiweza pamoja na kodi ya nyumba. Lipa kwenye akaunti ya benki yenye jina la shule, risiti uitunze, na usimpe mtu fedha mkononi hata akikwambia imebaki nafasi moja.