Kifaa hakina maandishi kwenye redio ya valvu? Anza na pale kilipofungwa

Ukifungua redio ya valvu (zile taa za kioo zilizotumika kabla ya transista) iliyopita mikononi mwa mafundi watatu wanne usishangae kukuta nusu ya vitu vya ndani havina maandishi, vingine vimefutika kwa joto, vingine vilitolewa kwenye redio ingine vikabandikwa tu. Wengi tunakosea hapa: tunakipima kile kifaa halafu tunatafuta kinachofanana nacho. Kumbe chenyewe kinaweza kuwa sicho! Mi niliwahi kubadilisha rezista ya katodi (pini ya valvu inayotoa elektroni) ya EL84, valvu inayosukuma spika, kwa kunakili niliyoikuta, kilo moja yaani omu 1,000, redio ikaongea kama ina mafua wiki nzima nikawa nalaumu spika, kumbe pale panatakiwa omu 135 hivi na aliyenitangulia aliweka tu alichokuwa nacho. Kwa hiyo jiulize kwanza hapa panatakiwa nini, ndo uangalie kilichopo.

Chomoa plagi, maliza chaji ya kapasita kubwa kupitia rezista, pima uhakikishe volti zimeisha. Na kama redio haina transfoma ya umeme, ukiiwasha chasi yenyewe inaweza kuwa na moto wa ukutani, usiiguse.

Valvu iliyofutika usiisugue na wala usiipake spiriti, ile rangi inatoka na kidole tu. Ipumulie kama unavyopumulia miwani, au iweke kwenye friji kidogo uitoe, mara nyingi namba inajitokeza kwenye ukungu kwa sekunde chache, uwe na kalamu karibu. Ikigoma, angalia soketi. Yenye pini 9 nyembamba, hita (waya wa ndani unaoipasha valvu joto) mara nyingi iko pini 4 na 5. Ile ya pini 8 yenye ufunguo katikati mara nyingi ni 2 na 7, ila zipo zinazotumia 7 na 8, kwa hiyo pima. Pini zinahesabiwa ukiwa unaitazama kwa chini, kufuata saa. Ukishaipata hita, na redio ni ya transfoma yenye hita za volti 6.3, ipe hizo volti toka pawa saplai usome ampia: EF89 inakula 0.2, ECH81 0.3, 6V6 0.45, EZ80 0.6, EL84 0.76. Hapo umeshapunguza orodha sana. Redio ambazo hita zimefungwa kwa mfululizo ni hesabu ingine, kule ampia ni moja kwa valvu zote (zile za Ulaya zinazoanza na U ni 0.1, za Marekani nyingi 0.15) na volti ndo zinatofautiana.

Rezista za zamani zinachanganya kwa sababu nyingi hazina mistari ya rangi ya kusomea omu, zimepakwa rangi mwili mzima. Soma mwili, kisha ncha, kisha doti. Mwili njano, ncha zambarau, doti ya chungwa, hiyo ni kilo 47. Huoni doti? Basi doti ina rangi ya mwili, yaani hiyohiyo bila doti ni kilo 470. Ndo maana rezista nyekundu tupu, ambayo watu wanadhani haijaandikwa kitu, ni kilo 2.2. Mita usiiamini sana maana kaboni ikizeeka inapanda, ya kilo 220 unaikuta inasoma 300, na kabla ya kupima nyanyua mguu mmoja.

Kapasita za karatasi na nta sihangaiki nazo, zikivuja (yaani zikipitisha umeme wa DC) hata mita ya kapasita inadanganya, inasoma juu kuliko ukweli. Nabadilisha tu. Ila ile inayoingia gridi (pini inayopokea sauti) ya valvu inayosukuma spika, mara nyingi 0.01 mikrofaradi, ndo ya kwanza kabisa: ikivuja inaipa gridi volti chanya na valvu inaungua, transfoma ya spika nayo inafuata. Weka ya filamu ya volti 630.

Transfoma ya spika isiyo na jina, itoe kabisa, ipe volti 1 ya AC upande wa spika kisha pima upande wa pili bila kugusa waya. Ukipata 40, zidisha 40 kwa 40 kisha kwa omu za spika. Spika ya omu 3 inakupa 4,800, na EL84 inataka kama 5,000, inafaa.

Transfoma ya umeme anza na omu tu. Waya za hita zinasoma chini ya omu moja, za moto wa ukutani makumi, za volti kubwa mamia na zina waya wa katikati. Ukishabahatisha, iwashe bila mzigo wowote kupitia balbu ya wati 40 iliyofungwa kwa mfululizo. Balbu ikibaki hafifu au isipowaka, endelea kupima volti. Ikiwaka kwa nguvu, zima haraka, ama ulikosea waya ama ndani kuna shoti.