Vakanse kubwa (likizo ndefu) Lubumbashi: motoka ya waya hatua kwa hatua, bila kutoa franka

Ndugu wazazi, kabla ya kitu chochote hesabuni taksi. Mama mmoja na watoto wanne, kutoka Kenya, komuni ya hapa Lubumbashi, hadi mjini na kurudi, ni nafasi kumi za kulipa, hata kama huko wanakokwenda mlango uko wazi kwa kila mtu. Watoto wakisikia kiu njiani, hesabu inaongezeka. Kwa hiyo somo hili lote linafanyika ndani ya lupango (kiwanja cha nyumba), au mahali mnapofika kwa miguu.

Vakanse zetu zinaangukia kiangazi, na hiyo ni bahati. Tangu Julai hadi shule zifunguliwe Septemba mvua hainyeshi. Kazi ya watoto inalala nje na kukutwa asubuhi kama ilivyoachwa. Shida ni baridi. Usiku wa Julai unaweza kushuka chini ya nyuzi 10, na saa moja ya asubuhi vidole havishiki waya. Sisi tunaanza saa nne, jua likishapasha ukuta.

Nimechagua motoka ya waya kwa sababu inachukua siku tatu nne kuitengeneza, na ikishakamilika mtoto anaiendesha wiki nyingi. Kaka zangu walizitengeneza tukiwa wadogo Kamalondo, mimi nikiwa mshika waya tu. Mwaka huu nimekaa chini na watoto wangu nikajifunza mwenyewe hadi mwisho.

Hatua ya 1: kukusanya

Wapeni watoto siku nzima ya kutafuta. Mnahitaji waya mgumu kama mita 4, unene wa milimita 2 hivi. Waya mwembamba wa kufungia. Ndala moja iliyokatika. Vizibo 8 vya chupa za bia au soda. Mpira wa ndani wa kinga (baiskeli), ule ambao fundi ameshachoka kuuziba. Na mwanzi unaofika kifuani kwa mtoto ukisimamishwa chini.

Waya ulizeni kwa majirani wanaojenga, na kwa mafundi. Msiache watoto wachome tairi ili watoe waya wa ndani. Najua inafanyika, lakini ule moshi mweusi ni sumu, na waya uliopita motoni unakuwa laini, haushiki umbo.

Hatua ya 2: kitanda (fremu ya chini ya motoka)

Pindeni waya mgumu uwe mstatili, urefu sentimita 25 na upana 12. Ongezeni waya miwili ya kukatisha, mmoja mbele, mmoja nyuma. Kila kona ifungwe kwa waya mwembamba, mizunguko mitano iliyobana, halafu mzungushie ukanda wa mpira juu yake. Bila mpira kona zinateleza na kitanda kinalala upande kama meza mbovu.

Hatua ya 3: magurudumu

Kwenye ndala chora miduara minne kwa kufuatisha kikombe kidogo, ukate kwa wembe. Kukata ni kazi ya mtu mzima. Tundu la katikati litobolewe kwa msumari uliopashwa kwenye mbabula (jiko la makaa), na liwe katikati kweli. Likikosea kidogo, motoka itaruka ruka kama iko barabara ya mashimo. Kila gurudumu linakaa kati ya vizibo viwili vilivyotobolewa, ili lizunguke bila kuyumba.

Ekseli ya nyuma ni rahisi: waya ulionyooka unapita kwenye vitanzi viwili chini ya kitanda, gurudumu kila upande, ncha zinakunjwa.

Hatua ya 4: mbele, penye akili yote

Hapa someni polepole. Mimi mwenyewe nimefungua na kufunga mara tatu.

Ekseli ya mbele haifungwi kwenye kitanda. Katikati yake fungeni kipande cha waya kilichosimama wima, kipite kwenye kitanzi kilicho katikati ya waya wa mbele wa kitanda, halafu kikunjwe juu kisichomoke. Sasa ekseli inaweza kugeuka kulia na kushoto. Katikati hapo hapo fungeni waya mwingine wa sentimita 4 unaoelekea nyuma, kama mkia. Mwisho wa mkia uwe na kitanzi kirefu, umbo la tundu la kifungo.

Chukueni waya mrefu mgumu, huu ni wa volani (usukani). Ncha yake ya chini ikunjeni kiwiko cha sentimita 3 kinachoelekea chini, kiingie ndani ya kile kitanzi cha mkia. Waya huo unapanda kwa mshazari kuelekea nyuma, unashikwa na kitanzi kimoja kwenye kitanda na kingine juu ya paa (litakuja kwenye hatua ya 5), halafu unafungwa kwenye mwanzi. Juu ya mwanzi wekeni duara la waya lililozungushiwa mpira: hiyo ndiyo volani.

Mtoto akizungusha kulia, kiwiko kinaenda kushoto, kinausukuma mkia kushoto, na magurudumu yanaangalia kulia. Motoka ikigeuka kinyume, kiwiko chenu kimeelekea juu. Kizungusheni chini, na mambo yatakaa sawa.

Siku tuliyofika hapa, mwanangu wa miaka tisa alizungusha volani bila kusukuma, akiangalia yale magurudumu mawili ya ndala ya bluu yakigeuka pamoja. Alirudia hivyo muda mrefu, hakusema kitu. Halafu akalala kifudifudi kwenye vumbi ili aone kiwiko kinavyofanya kazi kwa chini.

Hatua ya 5: bodi

Waachieni. Wengine watataka taksi-bisi, wengi watataka lori refu la kubeba shaba kwenda Kasumbalesa, mpakani na Zambia, maana ndiyo wanaloliona kila siku. Msisahihishe.

Hatua ya 6: barabara

Kwa majivu ya mbabula, choreni barabara kwenye udongo. Katikati ni Lubumbashi. Hatua moja ya mtoto ni kilomita 10. Kasumbalesa iko hatua 9 upande wa kusini-mashariki, Kipushi hatua 3 upande wa magharibi, Likasi hatua 12 kaskazini-magharibi, na mkiendelea njia hiyo hiyo Kolwezi ni kama hatua 30. Lupango letu lilikwisha kabla ya kufika Kolwezi, ikabidi barabara izunguke choo na kurudi. Mtoto wangu wa miaka sita sasa anajua kwamba Likasi ni mbali kuliko Kasumbalesa, na anakuambia kwa miguu yake.

Siku za kupumzika kutengeneza, kuna mengine. Nje kidogo ya mji vichuguu vyetu ni vikubwa ajabu, vingine vinapita mita 5. Nendeni kwenye kimoja na kamba, mzungushe kiunoni mwa kichuguu, mrudi nyumbani mhesabu ni watoto wangapi wanaoshikana mikono wangeweza kukizunguka. Agosti upepo ukianza, tiara ya mfuko wa plastiki na vijiti viwili inatosha. Jioni, vitendawili; mwiteni bibi au babu atege yeye.

Maswali ya wazazi

*Mama wa Katuba:* Wangu ana miaka minne, analia anataka na yeye. Waya si utamchoma macho?

Utamchoma, mama, usimpe. Mpe kazi ya kuchagua vizibo na kushika mwanzi. Motoka yake iwe boksi la karatasi lenye kamba ya kuvuta. Kopo la samaki liacheni, midomo yake inakata. Na kwa wakubwa pia, kila ncha ya waya ikunjwe irudi ndani kabla kazi haijaendelea. Kwetu ni sheria: ncha ikibaki wazi, kazi inasimama.

*Papa mmoja wa Ruashi:* Sina pensi (koleo), na jirani mwenye nayo haazimishi. Nakata waya namna gani?

Papa, pinda mahali pale pale, huku na huku, haraka. Utakatika wenyewe. Mwambie mtoto aguse pale kwenye mkunjo baada ya kupinda mara nyingi: pamepata joto, na hakuna moto uliowashwa. Watabaki wakikata vipande vidogo ili tu waguse tena. Kunyoosha waya, uzungushe kwenye mti wa mwembe uvutane pande mbili.

*Yaya wa Kampemba:* Kuna waya wa shaba unaning'inia karibu na kwetu tangu umeme ulipokatika. Ni laini, unapindika vizuri. Vijana wanasema haufanyi kitu.

Yaya, tafadhali, watoto wasiukaribie kabisa. Umeme uliokatika unarudi saa yoyote, bila kumwambia mtu. Tena shaba ni laini mno kwa kitanda, motoka ingelala siku ya kwanza. Toeni taarifa kwa mkubwa wa avenyu, na muwaonyeshe watoto wote mahali pa kutopita.

*Mama wa mapacha, Kenya:* Yetu inavuta kushoto tu, hata volani ikiwa wima.

Geuza motoka juu chini. Mara nyingi mkia haukufungwa katikati ya ekseli, au gurudumu moja limebanwa na kizibo. Lizungushe kila moja kwa kidole. Lile linalosimama mapema ndilo linalovuta. Legeza ncha yake kidogo tu, upana wa ukucha.

*Papa wa Katuba:* Binti yangu wa miaka kumi anataka, bibi yake anasema ni mchezo wa wavulana.

Mpe waya, papa. Kwetu binti ndiye aliyegundua kwamba kitanzi cha mkia kiwe kirefu. Sisi tulitengeneza cha duara na volani ikakwama. Bibi mheshimu, mletee kiti karibu na kazi, umwombe amwonyeshe mjukuu namna ya kusuka ukanda wa mpira kwenye volani. Mwenye mikono iliyozoea kusuka nywele anaufanya vizuri kuliko sisi wote.

*Mama wa Kamalondo:* Jioni baridi ni kali na watoto hawataki kuacha. Naweza kuingiza mbabula chumbani waendelee hapo?

Hapana, mama. Makala (makaa) yakiwaka ndani ya chumba kilichofungwa yanatoa hewa ya sumu isiyo na harufu; mtu anasikia usingizi tu, na anaweza asiamke. Mbabula ibaki nje, hata kama makala yanaonekana yamekwisha. Wavalisheni soksi na sweta, wakae nje kuizunguka mpaka chakula kiive, halafu walale. Motoka waziegeshe ukutani zikiwa zimeangalia mlango. Wangu wanazipanga kwa foleni, kama malori ya Kasumbalesa yanayosubiri kuvuka, na kila asubuhi wanabishana lipi lilifika kwanza.