Kukata G6PD kidogo kwa tripsini, na kupima jinsi NADP inavyoikinga

G6PD (glukosi-6-fosfeti dehidrojenasi) ni kimeng'enya kinachohitaji NADP, molekuli ndogo msaidizi. Ya binadamu ni mnyororo wa asidi amino 515, uzito wake kama kDa 59, na mmoja peke yake haufanyi kazi: lazima iungane miwili au minne. Kila mnyororo una mahali pa pili pa kushika NADP, mbali na pale glukosi-6-fosfeti inapobadilishwa. NADP hiyo ya pili kazi yake ni kushikilia umbo. Ikipungua, mnyororo unalegea, na tripsini, kimeng'enya kinachokata protini baada ya lisini na arginini, inapata pa kuingilia.

Kama kimeng'enya kilihifadhiwa pamoja na NADP, kipitishe kwanza kwenye safu ndogo ya Sephadex G-25 (chembe zinazotenga molekuli ndogo na protini) iliyooshwa kwa bafa ya Tris 50 mM, pH 8.0. NADP iliyoshikwa kwa nguvu haitatoka yote. Usiwaambie wenzako kwamba huna NADP kabisa. Rekebisha protini iwe 0.5 mg/ml.

Tripsini iyeyushe kwenye HCl 1 mM, 1 mg/ml, na uiweke kwenye barafu. Ndani ya asidi haijili yenyewe. Dakika chache kabla ya kuanza, punguza iwe 0.1 mg/ml kwa HCl ile ile.

Andaa vichupa vitatu, kila kimoja na µl 100 za kimeng'enya. A ni kimeng'enya peke yake, B kiongezewe NADP ifike 100 µM, C ni kama A. Viache dakika 10 kwenye nyuzi 25, kisha A na B vipate µl 5 za tripsini (sehemu 1 kwa 100 kwa uzito), na C kipate µl 5 za HCl tupu. Umeme ukikatika, na Lubumbashi delestaji haipigi hodi, maji lita 5 ya nyuzi 25 ndani ya sanduku la kubebea barafu yatashika joto dakika 40 bila shida. Usitegemee joto la chumba: asubuhi ya Julai si mchana wa Oktoba, na tripsini inajua tofauti hiyo.

Chota dakika ya 2, 5, 10, 20 na 40. Dakika ya 0 itoke C, na C kichotwe tena ya 40. Kila mara µl 10 ziende kwenye jeli ya SDS, inayotenga protini kwa ukubwa, na µl 5 kwenye kipimo cha kazi.

Kila sampuli lazima tripsini yake isimamishwe papo hapo, na hapa ndipo wengi wanaharibu. PMSF, kizuizi cha tripsini kinachotumiwa sana, ndani ya pH 8 kwenye nyuzi 25 hupungua nusu kwa kama dakika 35, kwa hiyo bafa uliyoiandaa asubuhi haizuii kitu mchana. Kwa kipimo cha kazi, mimina µl 5 ndani ya µl 495 za bafa baridi yenye kizuizi cha tripsini cha soya na albumini 1 mg/ml. Bila albumini, kimeng'enya chepesi hivyo kinakufa chenyewe. Kwa jeli, bafa ya SDS (sabuni inayokunjua protini) iwe tayari moto. Ukichelewesha, SDS inakunjua G6PD wakati tripsini bado ina nguvu, na utaona vipande ambavyo havikuwepo. Maji ya Lubumbashi yanachemka karibu nyuzi 96; dakika 5 humo zinatosha.

Pima kazi siku hiyo hiyo: Tris 50 mM pH 8.0, MgCl₂ 10 mM, NADP 0.2 mM, glukosi-6-fosfeti 2 mM, jumla ml 1 pamoja na µl 20 za sampuli. Fuata ufyonzaji wa mwanga wa nm 340, unaopanda NADPH ikitengenezwa, kwa dakika 3. Gawa mwinuko wa kila dakika kwa 6.22 upate µmol za NADPH kwa dakika.

Kabla ya kusema NADP inakinga, rudia na kaseini (protini ya maziwa) badala ya G6PD. Kama NADP inapunguza ukataji wa kaseini pia, umezuia mkasi, hukukinga kitambaa.

Mstari wa kDa 59 kwenye jeli ukififia huku kazi ikibaki, usishangae: SDS inatenganisha vipande ambavyo ndani ya kimeng'enya kizima bado vimeshikana. Kazi ikishuka na mstari ukabaki, angalia C. Nacho kikiwa kimeshuka, tatizo ni joto au wepesi wa protini, na tripsini haina kosa.