Kabla mzazi wako mwenye demensia hajaanzishiwa dawa ya sonona

Wahudumu wa makao ya wazee wakikupigia simu kwamba mama mwenye demensia, ugonjwa wa ubongo unaopoteza kumbukumbu, hali chakula, halali usingizi na analia kila jioni, swali lako la kwanza liwe: yameanza lini? Yakiwa ya siku mbili tatu, mara nyingi si sonona, yaani ugonjwa wa huzuni kali. Huenda ni malaria, maambukizi ya njia ya mkojo, choo kilichofunga, jino bovu, au maumivu ya goti asiyoweza tena kuyataja. Apimwe malaria na mkojo, atazamwe kinywani, aulizwe muuguzi ni lini mara ya mwisho mama alipata choo.

Sonona huja polepole, wiki mbili na zaidi: huzuni isiyoondoka, hata wajukuu wakija hafurahi, anasema amekuwa mzigo. Anayekaa kimya tu, bila huzuni, huenda amepoteza hamu kwa sababu ya ugonjwa wenyewe wa ubongo. Huyo dawa za sonona hazimsaidii, na anayezurura usiku vilevile.

Jambo hili familia nyingi haziambiwi, nalo ni haki yao kulijua: kwa mwenye demensia dawa hizi zina nguvu ndogo kuliko tunavyotumaini. Jaribio la Uingereza lililochapishwa 2011 lililinganisha dawa mbili za sonona, sertralini na mitazapini, na vidonge visivyo na dawa. Baada ya wiki 13 hazikuonyesha nafuu zaidi, na madhara yalikuwa mengi zaidi. Lakini aliyewahi kuugua sonona kali, anayekataa chakula kabisa au anayetaja kufa asicheleweshwe. Apelekwe kwenye kitengo cha afya ya akili cha hospitali ya rufaa ya mkoa, au hospitali ya magonjwa ya akili ya Butabika kwa walio karibu na Kampala.

Ukiandikiwa dawa, soma jina. Amitriptilini, dawa ya zamani ya sonona, ni ya bei nafuu na hupatikana kwa wingi, kwa hiyo ndiyo inayotolewa haraka. Kwa mzee wa demensia ni chaguo baya. Inazuia kemikali ileile ya ubongo ambayo ugonjwa tayari umeipunguza, hivyo kuchanganyikiwa kunazidi. Kinywa kinakauka mpaka tonge la posho linamkwama, choo kinafunga, mkojo unagoma, na akiinuka usiku shinikizo la damu linashuka, anaanguka. Mwombe daktari nyingine, kwa heshima lakini bila kuona haya.

Sertralini kwa kawaida huanza na miligramu 25, yaani nusu ya kidonge cha 50, asubuhi baada ya chai, na daktari ndiye anayepandisha. Fluoksetini pia hutolewa asubuhi kwa kuwa inaweza kukosesha usingizi. Hukaa mwilini kwa wiki kadhaa, kwa hiyo madhara yake hayaishi siku inapoachwa. Sitalopramu isizidi miligramu 20 kwa siku kwa aliyezidi miaka 60, kwa ajili ya mapigo ya moyo. Mtajie daktari kila anachomeza. Aspirini, diklofenaki au ibuprofeni pamoja na dawa hizi huongeza hatari ya kutokwa damu tumboni. Tramado, dawa kali ya maumivu, isichanganywe nazo bila daktari kujua.

Kichefuchefu cha wiki ya kwanza hupita. Usingizi mzito, kuyumba na kuchanganyikiwa kupya si vya kusubiri: chumvi ya damu inaweza kuwa imeshuka, hasa akitumia vidonge vya kukojoza vya presha. Omba sodiamu, yaani chumvi hiyo, ipimwe kabla ya kuanza na tena baada ya wiki mbili hadi nne.

Mhudumu asiache kidonge mezani na kuondoka. Ampe maji, amsubiri ameze, kisha amwombe afungue kinywa. Vidonge hujificha kati ya shavu na fizi, na kesho vinaokotwa chini ya mto. Kwenye daftari lake iandikwe dawa, kipimo, sababu ya kuianza kwa maneno ya wazi kama "analia kila jioni, hali chakula", tarehe, na siku ya kurudi kwa daktari, wiki sita hadi nane mbele. Siku hiyo linganisheni na sababu iliyoandikwa. Kama hakuna tofauti, mwombe daktari aiondoe kidogo kidogo, kwa wiki nne au zaidi. Dawa ikikatika ghafla, kwa mfano duka limeishiwa, huja kizunguzungu, hasira na kukosa usingizi, na wengi hudhani sonona imerudi. Kwa hiyo nunua mpya ikiwa imebaki ya wiki moja.