Una glakoma? Uliza kabla hujapanuliwa mboni

Siku ya kwenda kupimwa macho usiruke matone yako ya glakoma (ugonjwa unaoharibu mshipa wa fahamu wa jicho, mara nyingi kwa sababu ya presha ndani ya jicho), labda daktari mwenyewe akuambie uyaache. Dawa ya kupanua mboni, ambayo hutiwa ili daktari aone ndani ya jicho, huweza kupandisha presha ya jicho kwa baadhi ya wagonjwa, hasa wale ambao njia ya kutolea maji ya ndani ya jicho (si machozi) imebana. Kwa hiyo uliza mapema, bila aibu: "Njia yangu iko wazi au ni nyembamba?" Omba presha ya jicho ipimwe kabla ya kutiwa dawa na, kama uko hatarini, ipimwe tena kabla hujaondoka. Ikiwa imepanda, kuna matone na vidonge vya kuishusha, kama asetazolamidi.

Kuona ukungu na kuumizwa na mwanga kwa saa 4 hadi 6 ni kawaida. Vaa miwani ya jua, usiendeshe gari. Lakini jicho likiuma sana na kuwa jekundu, kichwa kikigonga, ukitapika au ukiona duara za rangi kuzunguka taa, rudi hospitali hapo hapo, hata kama ni usiku wa manane. Waambie mara tu unapofika kwamba una glakoma na umetoka kupanuliwa mboni.