Asali ya wazimu: mtu akishaila, fanya hivi

Wakuu, wiki hii nimeulizwa mara tano: "Nimeletewa asali ya Uturuki, nimelamba, naona kizunguzungu, nifanyeje?" Naandika mara moja. Atakayeuliza tena namtumia hii.

Ni asali ambayo nyuki wameichuma kwenye maua ya rododendroni (aina ya kichaka cha maua), Uturuki upande wa Bahari Nyeusi (wenyewe huiita deli bal, asali ya wazimu) na milimani Nepal. Sumu yake ni grayanotoksini. Inafanya milango ya sodiamu kwenye neva (vijitundu vya kupitisha ishara) ibaki wazi, hivyo moyo unapiga polepole, presha inashuka.

1. Acha kula. Hata iliyobaki kwenye kijiko.

2. Tazama saa. Dalili huanza kati ya dakika 20 na saa 3 hivi: jasho, mate kujaa, kichefuchefu, macho kuona ukungu, midomo kufa ganzi.

3. MLAZE CHALI, MIGUU JUU. Hapa ndipo nilipoharibu. Binamu yangu alirudi na kichupa, akala vijiko vitatu baada ya chakula cha usiku, hapa hapa Mbagala. Akaanza kulowa jasho. Mimi kwa ujuaji wangu nikasema sukari imeshuka, nikamkorogea chai, nikatia nini? Asali ile ile, vijiko viwili vya kujaa! Kisha nikamwinua aende chooni kutapika. Hatua ya nne akadondoka kama gunia, kidevu kikapasuka, nyuzi tatu. Kwa hiyo: usimsimamishe hata akiapa yuko sawa. Akitapika, mgeuze ubavu. Na bodaboda HAPANA, hata foleni ya Kilwa Road iwe imefunga kabisa. Akizimia pale nyuma hamtafika. Tafuta gari alale kiti cha nyuma.

4. Hesabu mapigo kwenye kifundo cha mkono, dakika nzima. Kila mwenye dalili aende hospitali, ila chini ya 50, au amezimia, au anatumia dawa za moyo au presha, mkimbize hapo hapo.

5. Beba kichupa chenyewe, na useme "asali" mapema. Hapa kwetu daktari atawaza malaria kwanza. Kwa kawaida watamwekea dripu na kufuatilia moyo kwa mashine, mapigo yakiwa chini sana wanampa atropini, dawa ya kuongeza mapigo. Wengi hutulia ndani ya saa 24.

MASWALI

Kidume_Tandika: Mkuu nasikia inaongeza nguvu za kiume. Kijiko kimoja si salama?
Jibu: Soma namba 4. Kiasi cha sumu hakilingani chupa kwa chupa, hivyo hakuna "kijiko salama". Moyo ukipiga mara 40 kwa dakika, nguvu utakayobaki nayo ni ya kulala.

Mpemba_Ilala: Maziwa si yanakata sumu?
Jibu: Hayakati. Nimeandika hatua tano, maziwa umeyaona wapi?

Mama Nasra: Samahani kaka, na kama kweli ni sukari imeshuka? Mume wangu ana kisukari.
Jibu: Swali zuri dada, mimi sikujiuliza usiku ule. Kama mna kipimo cha kidole, pima kwanza. Kama hamna na yuko macho anameza vizuri, mpe sukari ya kawaida kwenye maji, asali isiguswe. Safari ya hospitali iko palepale.

Fundi Saidi: Nilijaribu kwa kiberiti, ikawaka vizuri. Si ndiyo safi?
Jibu: Kiberiti kinaonyesha kama ina maji mengi, basi. Sumu hakiioni. Na kuichemsha usitegemee.

Binti_Kigamboni: Ya Tabora je? Naogopa sasa.
Jibu: Usiogope mdogo wangu. Rododendroni haioti porini Afrika. Ila asali ya maua ya jamii ya minyaa huwasha koo kama pilipili. Ukiionja ikawasha, rudisha. Zamani hata majeshi yaliingia mkenge: mwaka 401 au 400 K.K. askari wa Xenophon, kamanda wa Wagiriki wa kale, walikula asali karibu na Trabzon, huko huko Uturuki, wakalala chini kama waliopigwa vita, baada ya siku tatu nne wakainuka.

Mama Nasra: Basi mtoto wangu mdogo wa miezi saba nimlambishe ya Tabora, anakohoa.
Jibu: Hapana dada. Chini ya mwaka mmoja asali yoyote ile hapewi, hata iwe safi vipi. Inaweza kubeba mbegu za bakteria wa botulizimu (ugonjwa wa sumu inayopooza misuli) na utumbo wake bado haujaweza kuzizuia. Mpeleke kliniki.

Fundi Saidi: Yangu imeganda chini. Wameweka sukari?
Jibu: Si lazima, asali halisi huganda pia. Weka chupa kwenye maji ya uvuguvugu, usiweke jikoni.